Mzee wangu, kabla ya kuongeza diklopa, twende nje tuitazame pikipiki

Mwaka jana aliingia chumbani kwangu hapa Turiani mwalimu mmoja mstaafu wa miaka 66, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine umeshika helmeti. Nilimwamkia. "Marahaba binti yangu," akaitikia, kisha akakaa taratibu sana, upande upande. Alitaka kitu kimoja tu: nimwandikie diklofenaki yenye nguvu zaidi, ile dawa ambayo wengi wanaiita diklopa, kwa sababu ya kununua dukani ilikuwa imeacha kumsaidia.

Nikamuuliza ameitumia kwa muda gani. Akatazama dari kwanza. Tangu mavuno ya mpunga yaliyopita, asubuhi kimoja na jioni kimoja, karibu kila siku.

Mzee huyu ana presha, na anameza losatani pamoja na dawa ya kukojoza. Siku hiyo presha ilikuwa juu sana, miguu imevimba, na kipimo cha kreatinini kilionyesha figo zimeanza kulemewa. Hapa naomba msomaji mwenye presha anisikilize vizuri. Diklofenaki na ndugu zake, kama ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hufanya mwili ushike chumvi na maji, na hupandisha presha. Ukizichanganya kwa muda mrefu na losatani na dawa ya kukojoza, figo zinabanwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Haziumi zinapobanwa, ndiyo maana mtu haoni sababu ya kuacha. Tumbo nalo linaweza kuchimbika vidonda na kuvuja damu kimyakimya.

Nilipomwambia aziache, hakubishana. Alisema tu: "Bila hiyo dawa sipandi pikipiki, na bila pikipiki sifiki shambani Mkindo." Watoto wake walioko Dar es Salaam walishamwambia auze. Nawaelewa, mimi pia nina baba. Lakini anayeishi huku chini ya milima ya Nguru anajua kuuza pikipiki kuna maana gani kwa mzee: shamba linalimwa na wengine, kanisani unasubiri kubebwa, na kliniki ya presha unaikosa kwa sababu hakuna wa kukuleta. Nikamwomba tutoke nje nikaione hiyo pikipiki.

Ilikuwa Boxer ya siku nyingi, aliyoinunua kwa kijana wa bodaboda. Nikamwambia aipande tu, asiiwashe. Sikuhitaji eksirei. Siti ilikuwa imebonyea katikati na inateremka mbele, kwa hiyo mwili wote ulikuwa unateleza kuelekea kwenye tangi la mafuta. Usukani ulikuwa umelazwa chini, mgongo umepinda, viganja vimekunjwa. Tairi la nyuma lilikuwa gumu kama jiwe. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekazwa hadi mwisho.

Hizo shokapu zinastahili maelezo. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, shokapu ya nyuma ina pete yenye ngazi, na fundi akiizungusha springi inakazwa au inalegezwa. Kijana anayebeba abiria na gunia la mpunga anaikaza, na anajaza upepo mwingi, kwa sababu mzigo ni mkubwa. Kisha anamuuzia mzee wa kilo 60 anayepanda peke yake. Springi iliyokazwa kwa ajili ya gunia haibonyei kwa mtu mmoja. Kila shimo na kila rasta inapita moja kwa moja hadi kwenye pingili za kiuno.

Na kiuno cha miaka 66 si cha miaka 25. Zile sahani laini zilizo katikati ya pingili hupungukiwa maji kadiri umri unavyokwenda, hivyo hazipokei mshindo kama zamani. Misuli ya mgongo na tumbo imepungua. Ukikaa umejikunja kwa saa nzima huku injini inakutikisa, misuli inachoka, na mzigo wote unabaki kwenye viungo.

Mtikisiko wenyewe umejulikana kuwa na madhara kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwenda Bedford, jimbo la Indiana, kuwaona wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta vidole vimekuwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. (Nampenda sana mama huyu. Alikuwa akiwafuata wafanyakazi kazini kwao badala ya kuwasubiri hospitali.) Miaka mingi baadaye, Japani iliona dalili kama hizo kwa wapeleka barua waliokuwa wakishinda juu ya pikipiki. Kwetu huku, anayetoka Maskati alfajiri, mikono imekaza usukani kwenye mteremko na ukungu, anaijua hiyo ganzi.

Sasa tulifanya nini? Kazi yote ilifanywa na fundi pikipiki na fundi makochi, hapahapa Turiani.

Shokapu zililegezwa ngazi mbili, na upepo wa matairi ukarudishwa kwenye kipimo cha kitabu cha pikipiki kwa mtu mmoja. Hilo peke yake lilimfanya mzee acheke alipozunguka uwanjani. Siku akibeba mzigo anakaza tena. Wala usipunguze upepo kupita kipimo ukitafuta ulaini, maana pikipiki itayumba.

Siti ilichukua muda zaidi. Wengi wakiumia makalio wanaongeza sponji laini juu ya sponji iliyokufa. Ukikaa, inabonyea yote na unarudi kwenye plastiki. Mwambie fundi aondoe ya zamani, aweke sponji ngumu chini na laini kiasi juu, sehemu ya kukalia iwe bapa na pana kwa nyuma ili uzito ukae kwenye mifupa ya makalio. Siti inayoteremka mbele inabana mishipa ya fahamu iliyo katikati ya mapaja. Wazee wanaona haya kusema kwamba sehemu za siri zinakufa ganzi baada ya safari, lakini mara nyingi sababu ni hiyo. Jambo la kuangalia ni kimo: siti ikiongezwa unene sana, miguu haitafika chini vizuri, na mzee asiyekanyaga chini kwa miguu yote miwili ataanguka akiwa amesimama.

Usukani ulilegezwa nati, ukainuliwa na kuvutwa nyuma kidogo, hadi mzee akakaa wima, viwiko vimekunjwa kidogo, kiganja kimenyooka na mkono wake. Mikono ya krachi na breki ikashushwa ifuate mkao huo. Waya wa krachi ulipakwa oili, kwani ulikuwa mgumu hata kwangu, na vidole vyenye baridi yabisi haviwezi. Tuliongeza pia mpira wa tyubu kwenye vishikio ili visiwe vyembamba, maana kishikio chembamba kinakulazimisha kubana sana. Upande wa mafuta fundi alihakikisha kishikio kinarudi chenyewe kikiachiwa. Usiliruke hilo, pikipiki isiyoachia mafuta inaua.

Magoti yake nayo yalikuwa yanalalamika kwa sababu ya kupiga kiki, kwani betri ilikuwa imekufa miezi mingi. Betri mpya iligharimu pesa, lakini sasa anabonyeza kitufe. Stendi ya kati nimemwomba aiache, atumie ya pembeni. Na akikaribia tuta, apunguze mwendo, ajiinue kidogo juu ya vikanyagio, magoti yapokee mshindo badala ya kiuno.

Kwenda Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Magole na Dakawa. Nilimwambia safari hiyo apande basi. Kwa safari fupi, kila dakika 40 hivi ashuke, anyooshe mgongo, anywe maji. Anayetumia dawa ya presha asishuke kwa haraka, kizunguzungu kinaweza kumwangusha. Mjukuu hakai mbele juu ya tangi, hata shule ikiwa karibu. Breki ya ghafla ikitokea, mtoto ndiye anayegonga usukani kwanza.

Swali ninaloulizwa kila wiki: je, upepo wa pikipiki unaleta nimonia? Nimonia inaletwa na vijidudu. Baridi hukaza misuli na vidole, na inaweza kuamsha pumu, kwa hiyo koti na glavu vaa.

Lakini si kila mgongo unaouma umeumizwa na pikipiki. Maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa wanaume wazee, saratani ya tezi dume hupenda kuhamia mifupa ya mgongo na nyonga, na nimewaona waliolaumu siti ya pikipiki kwa mwaka mzima. Miguu ikipoteza nguvu, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ganzi ikashika makalio na isiondoke, njoo hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kliniki.

Mwalimu aliacha diklofenaki. Kwa siku za maumivu nilimpa parasetamo, na mazoezi ya mgongo ya dakika kumi kila asubuhi, ambayo anakiri kuyakwepa Jumapili. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka na uvimbe umeisha. Kreatinini imeshuka, ingawa haijarudi kawaida, na tutaendelea kuipima. Kiuno bado kinamuuma siku ya gulio.

Watoto wake bado wanataka auze. Nimewaomba kwanza wampeleke kupimwa macho, kwa sababu jicho la kulia lina mtoto wa jicho, naye amekubali kutopanda pikipiki usiku hadi afanyiwe upasuaji.