Mapenzi na Kujitegemea katika Riwaya ya Jane Eyre

Mwezi wa Oktoba mwaka 1847 kampuni ya Smith, Elder ya London ilitoa riwaya ya juzuu tatu iliyoitwa Jane Eyre, ambayo ukurasa wake wa kwanza ulidai kuwa ni tawasifu iliyohaririwa na mtu aitwaye Currer Bell. Jina hilo lilichaguliwa makusudi ili lisitambulikane kuwa ni la mwanamume au la mwanamke. Aliyejificha nyuma yake alikuwa Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Haworth katika jimbo la Yorkshire, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31. Riwaya ilinunuliwa kwa wingi, na mabishano juu yake yakaanza mara moja. Desemba 1848 Elizabeth Rigby, akiandika katika Quarterly Review bila ya kutaja jina lake, alimshutumu mhusika mkuu kwa kiburi na utovu wa shukrani, akauona moyo wa kitabu kuwa ni ule ule uliozusha maasi ya Ulaya mwaka huo. Shutuma hizo zilikuwa kali, lakini yafaa ikubaliwe kwamba Rigby aliisoma riwaya hii kwa makini kuliko wengi walioisifu. Alitambua kwamba chini ya kisa cha mapenzi pana madai, na kwamba madai hayo yangeweza kuutikisa utaratibu wa jamii ya Kiingereza.

Makala hii inakusudia kuyachunguza madai hayo, hasa uhusiano uliopo baina ya mapenzi na kujitegemea, na kisha kudokeza matatizo yanayozuka mambo haya yanapoelezwa kwa Kiswahili.

Jane ni yatima. Analelewa kwa shangazi asiyempenda, anapelekwa katika shule ya Lowood ambako watoto wanakufa kwa homa, na akiwa na umri wa miaka 18 anaajiriwa Thornfield kumfundisha mtoto mmoja kwa pauni 30 kwa mwaka. Kazi ya mwalimu wa kike wa nyumbani ilikuwa karibu kazi ya pekee ya heshima iliyomfungukia binti aliyesoma na asiye na mali. Hata hivyo heshima hiyo ilikuwa na utata. Mwalimu huyo hakuwa mtumishi, kwa hiyo hakula jikoni, wala hakuwa mgeni, kwa hiyo hakukaribishwa sebuleni ila kwa amri. Brontë aliyajua haya kwa kuyatenda, maana alifanya kazi hiyo mwaka 1839 na tena mwaka 1841, na hakuipenda.

Katika sura ya 12 Jane anapanda juu ya paa la Thornfield, anautazama upeo wa macho, na kudai kwamba wanawake wana hisia sawa na wanaume, kwamba wanahitaji uwanja wa kutumia vipawa vyao, na kwamba ni ufinyu wa fikira kuwataka waridhike na upishi na ufumaji. Hii ndiyo sehemu inayotajwa mno na wahakiki wa mkondo wa ukombozi wa wanawake. Mwaka 1929 Virginia Woolf aliilaumu kwa kuwa, kwa maoni yake, hasira ya mwandishi ilijipenyeza ikavunja mtiririko wa masimulizi, kwani mara baada ya maneno hayo kinasikika kicheko cha ajabu kutoka ghorofa ya juu. Sandra Gilbert na Susan Gubar, katika kitabu chao cha mwaka 1979, waliona kinyume chake. Kwao kicheko ni jibu la hotuba. Mwanamke aliyefungiwa darini anasema kwa sauti isiyo na maneno kile ambacho aliye juu ya paa anakisema kwa maneno ya adabu. Rai hii ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu inaeleza kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na Woolf anaeleza tu kwamba yamempendeza vibaya.

Lakini hotuba ya paani si moyo wa hoja. Moyo wa hoja umo katika sura ya 24, baada ya Rochester, mwenye nyumba, kumposa Jane na Jane kukubali. Rochester anamchukua mjini kumnunulia hariri na vito. Kila anaponunuliwa kitu, Jane anaona haya na kujihisi amedunishwa. Anataka mavazi ya kawaida, anataka kuendelea kufundisha na kulipwa pauni zake 30. Rochester anapofanya mzaha wa kumlinganisha na wanawake wa nyumba ya sultani wa Kituruki, Jane anajibu kwamba angekwenda huko kuwahubiria wanawake hao uhuru mpaka waasi. Jibu hilo ni la werevu, ingawa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana budi kuona kwamba Mashariki imefanywa kioo cha dhuluma ili Uingereza ijitazame. Salme binti Said wa Unguja, ambaye mama yake alikuwa suria, alitenga sura nzima ya kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, kupinga dhana za Wazungu kuhusu wanawake wa Mashariki.

Kutokana na aibu hiyo ya dukani Jane anafanya jambo ambalo hadithi nzima inaegemea. Anaamua kumwandikia barua ami yake aliyeko kisiwa cha Madeira, kumwarifu kwamba anaolewa, kwa matumaini ya kupata siku moja mali kidogo iliyo yake mwenyewe. Barua hiyo ndiyo inayoivunja harusi. Ami anamwonyesha Mason, shemeji yake Rochester, na habari zinafika Uingereza kwamba bwana arusi ana mke aliye hai. Wahakiki wengi wameipita barua hii kama hila ya usanifu tu. Kumbe humo ndimo mwandishi alimofunga fundo lake. Hamu ya Jane ya kujitegemea ndiyo inayomwokoa asiingie katika ndoa ya uongo, naye alikuwa hajui kwamba anaokolewa.

Baada ya siri kufichuka, Rochester anamsihi Jane waishi pamoja bila ya ndoa huko Ufaransa. Hoja yake si dhaifu. Mkewe, Bertha, ana wazimu. Kabla ya sheria ya mwaka 1857 talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na wazimu haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka katika Uingereza hadi sheria ya mwaka 1937. Tena Jane hana ndugu atakayeaibika. Ni nani atakayejali? Jane anajibu kwamba atajali yeye mwenyewe, na kwamba kadiri anavyokosa wa kumtegemea ndivyo anavyopaswa kujiheshimu. Ni kweli kwamba anataja pia sheria ya Mungu. Hata hivyo pana sababu nyingine ambayo haitajwi mara kwa mara. Rochester amemsimulia habari za mahawara wake wa awali kwa dharau, akasema kwamba kumweka hawara ni jambo linalokaribia kununua mtumwa. Jane anayapima maneno hayo na kutambua kwamba siku moja naye angesimuliwa hivyo hivyo. Kwa hiyo anaondoka usiku akiwa na shilingi 20. Anampenda Rochester anapoondoka, wala riwaya haisemi hata mara moja kwamba kujitegemea kunamtaka mwanamke aache kupenda.

Kisa cha St John Rivers hakihitaji maelezo marefu. Kasisi huyo anataka kumwoa Jane ili amsaidie katika kazi ya umisionari Bara Hindi, bila ya mapenzi. Jane yu tayari kwenda kama dada, si kama mke. Rochester alimtolea mapenzi bila ya heshima ya ndoa, na huyu anamtolea ndoa bila ya mapenzi. Yote mawili anayakataa.

Jambo lenye utata zaidi ni mali. Ami wa Madeira anafariki na kumwachia Jane pauni 20,000. Jane anazigawa sawasawa na binamu zake watatu, kila mmoja akapata 5,000. Ndipo anaporudi kwa Rochester, ambaye nyumba yake imeungua, mkewe amekufa, naye amepoteza macho na mkono mmoja, na kumwambia kwamba sasa yeye ni tajiri na anajitegemea. Wanafunzi huishia hapo na kusema kwamba usawa umepatikana. Sheria ya Uingereza ya wakati huo haikuwa na maoni hayo. Mwanamke alipoolewa, fedha zake na mali yake inayohamishika vilikuwa vya mumewe. Sheria ya mwaka 1870 ndiyo iliyomruhusu mke kumiliki mshahara wake, na ile ya mwaka 1882 ndiyo iliyomruhusu kumiliki mali yake kana kwamba hajaolewa. Njia ya kuikwepa sheria ilikuwa kuandikisha hati ya udhamini kabla ya ndoa. Riwaya haitaji hati yoyote, na Rochester anataka harusi ifanyike siku ya tatu! Charlotte Brontë mwenyewe, alipokaribia kuolewa na Arthur Bell Nicholls mwezi wa Juni 1854, aliandikiwa hati kama hiyo, akiba yake ikawekwa mikononi mwa mdhamini. Alijua basi. Ukimya wa riwaya huenda unaonyesha kwamba mwandishi aliweka uhuru wa Jane katika uwezo wake wa kuja na kuondoka kwa hiari, uwezo ambao ameshauthibitisha kwa miguu yake, zaidi kuliko katika hati. Hata hivyo msomaji ana haki ya kuona kwamba pauni hizo 5,000 zilikuwa za Jane kwa muda mfupi sana.

Hapa pana ulinganisho ambao haufai kupitwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, unamwusia binti utii kwa mume, na kwa sababu hiyo huwekwa upande wa pili kabisa na Jane Eyre. Lakini chini ya sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mahari yalikuwa ya mke, na mali yake ilibaki yake baada ya kuolewa. Binti aliyeusiwa utii alikuwa na haki ya mali ambayo Mwingereza aliyedai usawa hakuwa nayo. Anayesoma maneno tu bila ya kutazama sheria atazipima jamii hizi mbili kinyume.

Mali inaleta pia suala la Bertha Mason. Alitoka Spanish Town, Jamaika, na ndoa yake ilimletea Rochester pauni 30,000. Utajiri wa namna hiyo katika kisiwa hicho ulitokana na mashamba ya watumwa. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimpa mwanamke huyo sauti katika riwaya yake ya mwaka 1966, na mwaka 1985 Gayatri Spivak alitoa hoja kwamba utu kamili wa Jane umejengwa juu ya kunyimwa utu kwa mwanamke wa koloni. Hoja hiyo haiwezi kukwepwa. Bertha anaelezwa kwa lugha ya mnyama, na ni lazima afe ili Jane aolewe.

Mwalimu anayeifundisha riwaya hii kwa Kiswahili, au mfasiri wake, hukabiliwa na maneno matatu. La kwanza ni bwana. Jane humwita Rochester kwa neno la Kiingereza la mwajiri na mtawala, hata baada ya mapenzi kuanza, na msomaji wa Kiingereza hushtuka kidogo kila mara. Kwa Kiswahili bwana ni mwajiri na pia ni mume, na mshtuko unatoweka. La pili ni neno ambalo Jane analitumia mwishoni kujiita mwenye mamlaka juu ya nafsi yake. Neno hilo hilo la Kiingereza humaanisha pia hawara, yaani kile ambacho Rochester alitaka kumfanya. Jane ameikataa maana moja na kuitwaa nyingine. Kiswahili hakina neno lenye pande hizo mbili. Hapana budi kuchagua, na pengine mwenye nafsi yake ndiyo tafsiri isiyopoteza mengi.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Sura ya mwisho inafunguliwa na sentensi fupi inayojulikana sana, ambamo Jane ndiye mtenda na Rochester ndiye mtendwa wa tendo la ndoa. Kitenzi cha Kiingereza ni kimoja kwa mume na mke. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kauli ya kutendwa imekwisha kuamua nani anatenda. Mfasiri akitumia kuolewa, sarufi itamnyang'anya Jane kile alichokitafuta kwa sura 37. Akitumia kuoana, wawili hao watakuwa sawa, lakini uamuzi wa mmoja utapotea. Baadhi watapendekeza kumwoa. Katika jamii kadhaa za Kenya, kama vile Wanandi na Wakuria, mwanamke huweza kuoa, ila anayemwoa ni mwanamke mwenziwe. Na mume anayesemwa kwamba ameolewa husemwa hivyo kwa kejeli, hasa akiwa anaishi kwa mali ya mkewe. Rochester ni kipofu, nyumba yake kubwa imeteketea, na mkewe ana fedha. Kejeli hiyo ingemwangukia papo hapo, na Jane hana kejeli naye. Kufunga ndoa naye, Jane akiwa mtenda wa kitenzi, ni kauli baridi kuliko ya Brontë, lakini haimpokonyi mwanamke tendo lake wala haimcheki mwanamume.