Butembo-Lubero: Mbwa anakohoa? Usitie mkono katika koo lake mbele ya kujua sababu

BUTEMBO – Mbwa anayekohoa usiku kucha ni jambo ambalo familia nyingi za Butembo, Beni na vijiji vya wilaya ya Lubero zinalijua. Shingo inanyooka, mdomo unafunguka, sauti inatoka kama ya mtu aliyekwamwa na mfupa, kisha mate meupe yanaanguka chini. Jirani mmoja anasema amemeza mfupa, mwengine anasema ni baridi tu, na kijana wa nyumba anataka kumshika taya na kuingiza vidole ili aone ndani. Hilo la mwisho ndilo linaloweza kugharimu maisha ya mtu.

Kule Kipese na katika vijiji vingine vya milima ya Lubero, mbwa si pambo la nyumba. Ndiye mlinzi wa mlango, wa mbuzi na wa shamba, na katika mkoa huu ambamo watu wanalala na wasiwasi, sauti yake usiku ina maana kubwa. Akianza kukohoa, mwenye mbwa anatafuta dawa haraka. Lakini kikohozi ni alama tu, si ugonjwa wenyewe. Kuna kile kinachopita chenyewe baada ya wiki mbili, na kuna kile kinachotaka munganga leo hii.

Kukohoa, kutapika ao kuvuta hewa?

Jambo la kwanza ni kuangalia vizuri, kwa sababu wengi wanachanganya mambo matatu.

Mbwa anayekohoa, kifua kinaruka na hewa inatoka kwa nguvu. Mara nyingi mwishoni anafanya kama anataka kutapika, na povu kidogo jeupe linatoka. Ndiyo maana watu wanasema ni tumbo, kumbe ni kifua ao koo.

Mbwa anayetapika, tumbo linajikunja mara nyingi kwanza, kisha chakula ao maji ya rangi ya manjano yanatoka.

Kuna pia mbwa anayesimama bila kutembea, shingo mbele, akivuta hewa ndani kwa pua na kelele nyingi, kama anakoroma akiwa macho. Inadumu chini ya dakika moja, kisha anaendelea na mambo yake. Hiyo ni chafya ya kinyume, na mara nyingi haina hatari.

Kwa kuwa mbwa anaweza kukataa kukohoa mbele ya munganga, njia rahisi ni kumpiga video na simu wakati anapokohoa nyumbani. Sekunde 30 za video zinasaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

Hatari ya kwanza: raje

Hakuna ugonjwa wa mbwa unaopaswa kuogopwa kuliko kichaa cha mbwa, ule ambao wengi kwetu wanauita raje. Na hapa ndipo kikohozi kinadanganya watu. Virusi vya raje vinapofika katika ubongo, misuli ya koo na ya taya inaanza kulegea. Mbwa anashindwa kumeza, mate yanamwagika, sauti yake inabadilika, na anatoa mlio kama kitu kimemkwama. Mwenye mbwa anaona mfupa, anaingiza mkono kuutafuta, na mate yenye virusi yanaingia kwa kidonda kidogo cha kidole.

Alama nyingine za kuangalia ni hizi: mbwa mpole anakuwa mkali ghafla ao mkali anakuwa mpole kupita kiasi, anajificha, anatafuna miti na mawe, taya ya chini inaning'inia, miguu ya nyuma inalegea. Kwa kawaida mbwa mwenye alama hizo anakufa ndani ya siku 10.

Ukiona hata mbili kati ya alama hizo, funga mbwa mahali pa peke yake kama inawezekana bila kumgusa, ondoa watoto, na uite munganga wa wanyama ao mkuu wa huduma ya ufugo ya eneo lako. Akifa, asichunwe wala asiliwe.

Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa ao aliyelambwa penye kidonda anapaswa kuosha mahali hapo na maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Wakaaji wa Beni na Butembo walizoea kunawa mikono wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020. Maji na sabuni vinasaidia hapa pia, lakini havitoshi peke yake. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuomba chanjo. Asipake pilipili, udongo wala majani. Na asingoje kwanza kuona kama mbwa atakufa, kwa sababu raje ikiisha kuonyesha alama ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu 59,000 wanakufa na raje kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 4 kwa kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kikohozi cha kuambukizana

Kama mbwa anakula, anacheza, macho yake ni safi, lakini anatoa kikohozi kikavu chenye sauti kama ya bata, hasa anapokimbia ao kamba inapomvuta shingoni, inawezekana ni kikohozi cha kuambukizana. Waganga wa lugha ya Kifaransa wanakiita kikohozi cha mabanda, kwa sababu kinatembea haraka pale mbwa wengi wanapokaa pamoja. Kinaletwa na bakteria inayoitwa Bordetella na virusi mbalimbali, na kinaonekana siku chache, hadi wiki mbili, baada ya mbwa kukutana na mgonjwa.

Kwetu mbwa hawafungwi katika mabanda, lakini wanakutana sokoni, kwenye machinjio, na pale jike linapotafuta dume. Tena vita vinahamisha watu na mifugo pamoja. Vilipofika Kanyabayonga mwezi wa sita 2024, familia nyingi zilipanda upande wa Lubero na Butembo, na penye watu wanakimbia, mbwa pia wanafuata.

Mbwa mkubwa mwenye afya anapona ndani ya wiki moja hadi tatu, akipumzika, akikunywa maji safi na akilala mahali pakavu. Atengwe na wengine. Kamba ya shingo iondolewe, ao ifungwe kwa kifua. Mtoto wa mbwa ndiye wa kuangaliwa sana, kwa sababu kwake ugonjwa unaweza kushuka katika mapafu.

Ugonjwa wa Carré

Kama pamoja na kikohozi kuna usaha machoni na puani, homa, kuhara, na baadaye mbwa anatetemeka ao kuanguka kifafa, inawezekana ni ugonjwa wa Carré. Unapewa jina la Henri Carré, munganga wa wanyama wa Ufaransa aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba unaletwa na virusi.

Ugonjwa huu una historia na mbwa wa Congo. Basenji, yule mbwa wa msituni asiyebweka ambaye wawindaji wanamfunga kengele shingoni, alipelekwa Uingereza mwaka 1895 na kuonyeshwa kwa watu. Mbwa hao hawakudumu. Walikufa na ugonjwa huu, kwa kuwa mwili wao haukuwa umeuzoea na chanjo haikuwepo. Kulihitajiwa kungoja miaka ya 1930 ndipo basenji wakakaa huko.

Wala si mbwa peke yao wanaokufa. Mwaka 1994 virusi hivyo viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, inchini Tanzania, na watafiti waliwashuku mbwa wa vijiji vya kandokando. Kwa sisi tunaoishi karibu na mbuga ya Virunga, mbwa aliyechanjwa analinda pia wanyama wa mbuga.

Hakuna dawa inayoua virusi vya Carré. Munganga anasaidia mwili kupambana, kwa maji, chakula na dawa za kuzuia bakteria zinazokuja juu yake. Wengi wanakufa, na wanaopona wanaweza kubaki na mtetemeko.

Moshi, minyoo na moyo

Butembo iko juu ya mita 1,700, na milima ya Lubero inapita mita 2,000. Usiku ni baridi, na mbwa anatafuta jikoni, karibu na jiko la kuni ao la makala. Moshi unaomliza mama macho unachoma pia koo la mbwa anayelala hapo. Mpe mahali pakavu nje ya jiko, penye majani ao gunia, kisha ungoje siku chache. Kikohozi kikipungua, umepata sababu.

Kwa watoto wa mbwa, angalia minyoo. Mama anawapitishia minyoo wangali tumboni. Vijidudu hivyo vinapita katika mapafu, mtoto anavikohoa, anavimeza tena, na vinakomaa katika utumbo. Tumbo linajaa, nywele zinakosa mng'aro. Dawa ya minyoo inaanza kutolewa akiwa na wiki mbili, kisha inarudiliwa. Minyoo hiyo inaweza kuingia pia ndani ya watoto wanaocheza katika udongo penye mavi ya mbwa, kwa hiyo mavi yazikwe.

Mbwa mzee anayekohoa hasa usiku akilala, anayechoka haraka na kupumua kwa shida, moyo wake uangaliwe. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu anayetibiwa kifua kikuu, mwambie munganga: ni nadra, lakini mtu anaweza kumuambukiza mbwa.

Wakati wa kukimbia kwa munganga

Mbwa akiwa amelala usingizi, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikipita 30 kila mara unapohesabu, kuna shida. Angalia ufizi wake tu kama hana alama yoyote ya raje: unapaswa kuwa wa rangi ya waridi. Ukiwa wa buluu ao mweupe, usingoje kesho. Vilevile kama anakohoa damu, ana homa, amekataa kula siku nzima, ao kikohozi kilianza ghafla wakati anakula na hakiishi.

Usimpe dawa ya watu iliyobaki nyumbani. Ibuprofeni na parasetamol zinaweza kuharibu figo, tumbo ao ini la mbwa. Antibiotiki za kununua bila kupimwa hazisaidii kitu kama sababu ni virusi, minyoo ao moshi.

Muji wa Butembo una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, ambacho kinafundisha waganga wa wanyama, na wakaaji wanaweza kuwaulizia waganga katika eneo lao. Chanjo ya raje inatolewa kuanzia miezi mitatu na inarudiliwa kama munganga anavyoonyesha. Ile ya Carré inaanza wiki ya sita hadi ya nane, na inarudiliwa mpaka mtoto wa mbwa afikishe karibu miezi minne.

Wataalamu wanasema mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa katika eneo, raje inakosa njia ya kupita. Kijiji hakihitaji kungoja tarehe 28 ya mwezi wa tisa, siku ya ulimwengu ya kupiga vita raje, ili kuanza kuhesabu mbwa wake. Wenye mbwa wa mtaa mmoja wanaweza kukusanyika, kuita munganga mara moja na kugawana bei ya safari yake.