Kompyuta "Imekataa": Kutafuta Chanzo cha Usakinishaji Ulioshindikana

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama, walimu na wanafunzi wengi wa idara yetu wamekuwa wakiuliza wafanye nini na kompyuta zao. Wapo waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Wengine walijaribu kuhamia Windows 11 wakagundua kwamba mashine zao hazikubaliki, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye, isipokuwa chache sana. Kompyuta ya kizazi cha 7 inaweza kuwa nzima kabisa, inaandika, inasoma, inacheza video, na bado ikaambiwa haifai. Ndiyo maana baadhi yetu tumegeukia Linux, hasa Ubuntu, ambayo haina gharama na haina masharti hayo.

Usakinishaji ukienda vizuri, huchukua chini ya saa moja. Makala hii inahusu usipokwenda vizuri. Tutatumia mfano wa kompyuta mpakato ya rafiki yetu, mwalimu wa sekondari anayesomea shahada ya uzamili, ambaye ndani ya mashine hiyo alikuwa na sura tatu za tasnifu na rekodi za mahojiano aliyoyafanya na wafanyabiashara wa mpakani, Busia na Malaba. Sura zinaweza kuandikwa upya kwa machozi. Mahojiano hayarudiwi, maana hata ukimpata mtu yule yule hatasema maneno yale yale.

Alipotupigia simu alisema, "Walimu, imekataa." Neno hilo ni zuri na kila mzungumzaji wa Kiswahili analielewa: gari hukataa kuwaka, kalamu hukataa kuandika, mtoto hukataa uji. Lakini kwa anayetafuta hitilafu, "imekataa" ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" na kunyamaza. Tulimwomba atupatie kitenzi kingine. Je, imekwama? Imezima? Inajiwasha upya kila mara? Haisomi flashi? Haioni diski? Kila kitenzi kati ya hivyo kinaelekeza mahali tofauti. Kompyuta isiyosoma flashi ina kasoro kwenye flashi yenyewe au kwenye mpangilio wa kuwashia. Inayokwama katikati ya kunakili mafaili hutufanya tushuku faili lililopakuliwa nusu, kumbukumbu mbovu, au diski inayokaribia kufa. Inayomaliza kazi yote kisha ikaonyesha kioo cheusi, mara nyingi mfumo mpya upo ndani, ila mashine haijajua ianzie wapi. Isiyoona diski ni habari nyingine, na ndiyo iliyotushughulisha zaidi.

Basi rafiki yetu akasimulia kwa mpangilio, na ikabainika kwamba matatizo yalikuwa matatu yaliyopandana, si moja.

La kwanza lilikuwa la flashi. Alikuwa amepakua Ubuntu 24.04, faili la ISO la karibu gigabaiti 6, akajaribu kulinakili kwenye flashi ya gigabaiti 16 kama mtu anavyonakili wimbo. Kompyuta ikamwambia faili ni kubwa mno, ingawa flashi ilikuwa tupu. Hapa wengi husema flashi ni feki. Si lazima. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimeumbizwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo hauwezi kubeba faili moja lililofika gigabaiti 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Na hata angelifanikiwa kulinakili, kompyuta isingewaka kutokana nalo. ISO ni taswira ya diski nzima, na inatakiwa iandikwe kwenye flashi kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher, ambayo huipanga pamoja na sehemu ya kuwashia. Kulinakili tu ni kuweka mfuko wa unga mezani na kungoja ugali. (Tuongeze kwamba programu hizo hufuta kila kilichomo kwenye flashi. Kuna mtu wa idara nyingine aliyepoteza picha za harusi kwa njia hiyo.)

Tatizo hilo alilimaliza mwenyewe kabla hajatufikia. Sisi tungeongeza hatua moja tu ambayo watu huiruka: kuhakiki faili lililopakuliwa. Watengenezaji wa Ubuntu huchapisha alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kwa kila faili. Kwenye Windows, amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, hutoa mfuatano wa faili ulilo nalo. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, pakua upya. Kwa mtandao wetu unaokatika mara mbili kabla chai haijapoa, dakika hiyo moja huokoa jioni nzima.

Tatizo la pili: flashi ilisomwa, Ubuntu ikaonekana kiooni, lakini ilipofika mahali pa kuchagua diski, hapakuwa na diski. Orodha ilikuwa tupu. Mtu akiona hivyo huamini diski imeharibika, lakini Windows ilikuwa ikiwaka kutoka kwenye diski hiyo hiyo asubuhi yake. Diski iliyo nzima upande mmoja na isiyoonekana upande mwingine imefichwa, haijafa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi hutoka kiwandani zikiwa na kidhibiti cha diski kilichowekwa kwenye hali ya RAID. Windows ina draiva ya hali hiyo, nayo Ubuntu mara nyingi haiwezi kuiona diski ya NVMe iliyo nyuma yake. Dawa inayojulikana ni kuingia kwenye BIOS, kwa kubonyeza F2 au kitufe kingine kulingana na mashine, na kubadili hali ya RAID kuwa AHCI.

Kijana mmoja wa dukani alimpa dawa hiyo, naye akaitumia. Diski ikaonekana. Kabla ya kuendelea, rafiki yetu akakumbuka kwamba kulikuwa na rekodi mbili ambazo hakuwa amezinakili popote, akarudi Windows kuzichukua. Windows haikurudi. Kioo kikawa cha buluu, mashine ikajiwasha upya, kikawa cha buluu tena. Hilo ndilo tatizo la tatu, na ndipo aliposhauriwa: "Windows imekufa, tuumbize diski tuanze upya."

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mafaili ya watu hupotelea. Kitenzi "kuumbiza" kimetokana na "umbo", na kwa hiyo kinasikika kama kazi ya kujenga. Kwa mwenye diski yenye mafaili, ni kazi ya kufuta. Tunadhani anayefundisha istilahi za kompyuta darasani angefaa kulisema hilo waziwazi, kwa sababu mwanafunzi akisikia "tuumbize" hashtuki kama angesikia "tufute". Kinyume chake "kusakinisha" ni istilahi iliyotulia: inatokana na "sakini", kukaa mahali, na ni ndugu wa "maskani". Kusakinisha ni kukipa kitu makazi. Kuumbiza kabla ya kusakinisha ni kumvunjia mwenyeji nyumba ili mgeni apate pa kulala, na mara nyingi hakuna haja.

Swali tulilouliza lilikuwa moja: ni kitu gani cha mwisho kilichobadilishwa kabla ya kioo cha buluu? Jibu tulikuwa nalo tayari. Windows ilizoea kuifikia diski kupitia draiva ya RAID. Hali ilipobadilishwa ghafla kuwa AHCI, ikaamka ikitumia njia ambayo haipo tena, ikakosa diski yake yenyewe, ikaanguka. Haikuwa imekufa. Tulimwambia kwa simu aingie BIOS, arudishe RAID kama ilivyokuwa, ahifadhi, awashe. Windows ikafunguka na mafaili yote yakiwa mahali pake.

Hatukumruhusu afanye jambo lingine lolote kabla ya kunakili kazi yake mara mbili, kwenye diski ya nje na kwenye flashi nyingine, kisha kufungua nakala hizo na kuzisikiliza. Nakala isiyofunguliwa ni matumaini tu. Kama Windows isingeamka, ingebaki njia ya kuiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, na kuchukua mafaili kutoka huko. Lakini njia hiyo inahitaji diski ionekane, na isiwe imefungwa kwa BitLocker. Hili la BitLocker linafaa kuangaliwa mapema. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua, na kubadili mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya mashine idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Baada ya hapo, kubadili hali kulifanyika kwa utaratibu wake. Ndani ya Windows, tulifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika bcdedit /set safeboot minimal, amri inayoifanya iwake kwa hali salama mara inayofuata. Mashine ikawashwa upya, tukaingia BIOS, RAID ikawa AHCI. Windows ikaamka kwa hali salama, ikatambua kidhibiti kipya na kujipatia draiva yake. Tukaiondoa amri ile kwa bcdedit /deletevalue safeboot, tukawasha tena, na Windows ikafunguka kama kawaida. Sasa mifumo yote miwili iliweza kuiona diski.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Tuliipunguza sehemu ya Windows tukiwa ndani ya Windows, kwa sababu yenyewe ndiyo inayojua mafaili yake yamekaa wapi, tukaacha gigabaiti 60 tupu kwa ajili ya Ubuntu. Tuliizima pia hali ya kuwaka haraka, inayoiacha diski ikiwa kama imefungwa nusu. Tuliiacha chaja kwenye umeme huku betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika wakati sehemu za diski zinapogawanywa, hasara yake ni kubwa. Kwenye orodha ya kuwashia, flashi ilionekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Tukachagua hiyo, kwa kuwa Windows nayo ilikuwa imesakinishwa kwa mtindo wa UEFI. Ukichanganya mitindo, usakinishaji unaweza kumalizika salama kisha mfumo mpya usionekane kabisa. Secure Boot hatukuizima. Mafundi wengi huanza na hilo, lakini Ubuntu ina saini inayokubalika, na kuizima bila sababu ni kupunguza ulinzi.

Ilipomaliza, mashine iliwaka moja kwa moja kwenye Windows kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo lilikuwa suala la mpangilio wa kuwashia tu: tuliingia BIOS, tukaipandisha Ubuntu juu ya Windows, na orodha ya kuchagua mfumo ikatokea.

Lingekuwa jambo tofauti kama diski ingekuwa inatoa mlio wa kugonga, au kama usakinishaji ungekwama kila mara mahali tofauti. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha. Kukwama mahali tofauti kila jaribio mara nyingi huashiria kumbukumbu mbovu, na programu ya Memtest86+ ikiachwa usiku kucha itaonyesha. Diski inayogonga izimwe mara moja, kwa kuwa kila dakika inayozunguka inajila yenyewe. Ipelekwe kwa fundi wa kuokoa mafaili, si wa kusakinisha.

Siku mbili baadaye rafiki yetu alipiga simu tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini Windows ilisema saa moja. Kwanza tulidhani anatutania kwa habari ya saa za Kiswahili, lakini hizo zingetofautiana kwa saa sita. Hizi zilikuwa tatu, ambazo ndizo hasa tofauti kati ya saa za Afrika Mashariki na saa ya dunia ya UTC. Ubuntu huweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, ilhali Windows hudhani saa hiyo ni ya mahali ilipo. Tulimpa amri ya kuandika ndani ya Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1, akarekebisha saa mara moja upande wa Windows, na tangu hapo mifumo yote miwili inasoma saa ile ile.