Saa ya Mkononi Kama Dira ya Mwendesha Pikipiki: Hali Ilivyo Kitui

Anwani ya Mkenya wa mashambani aghalabu ni nambari ya sanduku la posta. Nambari hiyo humwonyesha karani wa posta mahali pa kuitia barua, lakini haimfikishi mgeni mlangoni. Katika kaunti ya Kitui, mwenyeji anapoulizwa njia hutaja mbuyu, soko, shule ya msingi, ng'ambo ya mto, ama jina la mtu lililogeuka kuwa jina la mahali, kama Kwa Vonza. Maelekezo ya namna hii humtosha msafiri wa mchana anayeyafahamu mazingira. Hayamtoshi mwendesha bodaboda aliyepigiwa simu saa nane za usiku kwenda kumchukua mja mzito katika boma asilowahi kulifikia. Mbuyu hauonekani, soko limefungwa, na wa kuulizwa wamelala.

Makala haya yanaeleza jinsi saa janja, yaani saa ya mkononi yenye kipokezi cha satelaiti, inavyoweza kumsaidia mtu wa aina hiyo. Yanaeleza pia mahali ambapo msaada huo hukoma, kwani katika nchi yenye mito ya mchanga, kutojua mpaka wa chombo ni hatari kuliko kukosa chombo chenyewe.

Jinsi saa inavyojua ilipo

Mfumo uitwao GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Una satelaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila satelaiti hutangaza bila kukoma mambo mawili: mahali ilipo na wakati ulivyo. Tangazo hilo husafiri kwa mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kipokezi hulinganisha wakati wa kutumwa na wakati wa kupokewa, kisha hukadiria umbali wake kutoka kwa satelaiti hiyo. Umbali kutoka kwa satelaiti tatu ungetosha kukibainisha kituo duniani iwapo saa ya kipokezi ingekuwa sahihi kabisa. Lakini haiwi, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huupotosha umbali kwa mita 300. Ndiyo maana huhitajika satelaiti ya nne ya kusahihisha wakati.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba saa hutuma ujumbe angani kuuliza ilipo. Haitumi chochote, husikiliza tu, mfano wa redio. Kwa hiyo hufanya kazi Tseikuru au Ikutha hata pale ambapo mtandao wa simu umekatika. Isitoshe, nyika iliyo wazi huifaa kuliko katikati ya jiji la Nairobi, ambako majumba marefu huziba anga na kuyarudisha mawimbi upande kwa upande. Ila saa iliyozimwa siku nyingi huchukua muda kuzipata satelaiti, na simu iliyo karibu yenye intaneti huufupisha muda huo. Mwendeshaji mwangalifu huiwasha na kuisubiri kabla ya kuliacha soko, si baada ya kupotea.

Saa ya aina hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Kampuni ya Casio ya Japani iliiuza ya kwanza mwaka wa 1999, ikiwa kubwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia. Kosa lililoweza kufikia mita 100 likashuka hadi mita kumi hivi au chini yake. Kwa mwendesha pikipiki, tofauti hiyo ni sawa na tofauti baina ya boma hili na boma la jirani.

Kwa nini isiwe simu?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa simu ina kipokezi kile kile, kioo kikubwa zaidi na ramani kamili. Hata hivyo, simu huhitaji mkono au kishikizo. Jua la Kitui huipasha moto hata ikajizima, vumbi huiingia, na mtetemo wa injini huweza kuiharibu kamera yake. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka wa 2021. Zaidi ya yote, ramani kubwa hulitaka jicho litulie. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Sekunde tatu za kuikodolea macho ramani ni mita 33 ambazo mbuzi, shimo au mtoto wa shule hakuonekana. Saa haina nafasi ya kuonyesha mengi, na huo ndio ubora wake: mshale mmoja, nambari moja, jicho linarudi njiani.

Mshale na nyayo

Matumizi yaliyo rahisi zaidi ni kuweka alama. Mwendeshaji anapofika mara ya kwanza kwenye zahanati, kisima au boma la mteja, huiamuru saa ikariri mahali hapo na kukipa kituo jina. Siku nyingine akikichagua kituo hicho, saa humwonyesha mshale wa kuelekea huko pamoja na umbali uliosalia. Pasipo alama, tarakimu pia zaweza kuingizwa: mji wa Kitui, kwa mfano, uko takriban digrii 1 na dakika 22 kusini mwa ikweta, na digrii 38 mashariki.

Ni lazima ieleweke kwamba mshale huo haufuati barabara. Huelekeza kwa mstari ulionyooka, kama kwamba hakuna kilima cha Mutito wala korongo. Mwenye kuuzoea hautii, huushauri. Akifika njia panda huchagua tawi linaloelekea upande wa mshale, kisha baada ya mita mia chache huitazama nambari. Ikipungua, anaendelea, ikiongezeka kwa muda mrefu bila njia kupinda, anarudi.

Namna ya pili ni nyayo. Saa hurekodi njia iliyopitwa kwa vitone vingi, na safari ya kurudi huwa ni kukifuata kijimstari chembamba kiooni. Mtu aliyeingia vichochoro vya ng'ombe jioni, akalazimika kutoka gizani, huiona thamani yake mara moja. Namna ya tatu ni kuiacha simu mfukoni itafute njia, nayo saa itetemeke mkononi panapo kona. Hii hufaa mjini. Kwenye pikipiki ya silinda moja juu ya changarawe, mtetemo wa saa humezwa na mtetemo wa usukani.

Kuhusu uvaaji, mkono wa kushoto hufaa zaidi kwa sababu wa kulia hushika mafuta na breki ya mbele. Saa ivaliwe juu ya mkono wa jaketi, au ifungwe usukanini juu ya kipande cha sponji. Ikifungwa huko, tahadhari moja ni muhimu. Pikipiki ikiwa mwendoni, saa huujua uelekeo kwa kulinganisha kituo cha sasa na kilichotangulia. Ikisimama, uelekeo huo hupotea, na saa nyingi huigeukia dira ya sumaku. Chuma cha pikipiki na sumaku za injini huipotosha dira hiyo, mshale ukazunguka ovyo. Dawa yake ni kushuka na kutembea hatua chache kando.

Neno hili dira halina budi kuangaliwa kidogo. Lililelewa na manahodha wa pwani, watu ambao hata majina ya kaskazini na kusini waliyahusisha na pepo za kaskazi na kusi. Leo limepanda bara hadi kwenye kifundo cha mkono wa kijana wa Mutomo. Lugha iliyo na dira, nyayo, alama na njia panda haihitaji kukopa mengi ili kuifundisha saa hii, na anayefundishwa kwa maneno hayo huelewa upesi. Inafaa pia kukumbuka kwamba kupotea Ukambani kuna historia. Mwaka wa 1849 mfanyabiashara mashuhuri Kivoi alimpokea Kitui mmishonari Krapf, ambaye kutoka huko aliuona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf, aliyebaki bila mwongozaji, aliponea chupuchupu nyikani. Huyu ndiye Krapf ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882.

Mito ya mchanga

Mito mingi ya Kitui, kama Tiva na Thua, huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watu huchimba maji humo, mifugo huvuka, na pikipiki hupita. Kisha mvua hunyesha milimani, pengine mbali na macho ya msafiri, na kitanda kilichokuwa kikavu asubuhi huwa na mafuriko jioni.

Saa haina habari ya haya. Nyayo zilizorekodiwa Septemba zitamwongoza mwendeshaji mwezi wa Novemba, katikati ya mvua za vuli, mpaka ukingoni mwa maji, zikimwonyesha kwamba njia ni ile ile. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hapakuwa na aliyepotea siku hiyo. Barabara ilijulikana, na waliosimama ukingoni waliyaona maji. Swali lililowaua halikuwa la wapi, bali la kama panapitika, na swali hilo hakuna satelaiti ilijibuye.

Kwa hiyo alama ya kwanza kuwekwa katika saa ya mwendesha pikipiki wa Kitui isiwe ya boma wala ya soko. Iwe ya daraja lililo karibu na kila kivuko anachokitumia. Nyayo nazo zipewe majina ya majira: Tiva kiangazi, Tiva mvua. Usiku ule wa saa nane, akiwa na mja mzito nyuma yake na maji yakinguruma mbele, saa itamwambia kwamba zahanati imebaki kilomita mbili. Akichagua alama ya daraja, huenda ikamwambia kumi na nne. Ageuze pikipiki. Umbali wa kwenda zahanati utazidi kuongezeka njiani, na mpaka alifikie daraja hapaswi kuushughulikia.