Raha na karaha za kuhesabu magarimoshi

Ndugu msomaji, kila binadamu ana uraibu wake. Wapo wakusanyao stempu na wapo wafugao njiwa. Mimi, tangu utotoni, nimekuwa nikisimama kando ya reli na kuandika daftarini nambari za injini zinazopita. Cheka upendavyo, mke wangu amecheka miaka mingi na bado hajachoka.

Uraibu huu haukuzuka kwetu. Mwaka 1942, karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern jijini London, Ian Allan, alichoshwa na barua za watu waliotaka habari za injini, akachapisha kijitabu cha nambari zake. Vijana wa Uingereza wakakigombea. Kanuni yao ilikuwa moja: usichokiona kwa macho yako, usikiwekee alama.

Nilikulia Makindu, mahali ambapo injini za mvuke zilisimama kunywa maji. Katika miaka ya 1960, mfalme wa reli ya Mombasa alikuwa injini ya aina ya 59, iliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250. Umbo lake lilikuwa la ajabu: tangi mbele, tangi nyuma, na boila katikati likibebwa baina ya jozi mbili za mitambo ya magurudumu, ili jitu hilo liweze kujipinda penye kona. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zetu hata kabla ya kuliona.

Injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Siku mwalimu alipotundika ramani na kidole chake kikapita karibu na Ziwa Natron, nikasoma "Gelai", nusura nipige kelele darasani. Huyo nilimfahamu! Juzi tu alikuwa amepita akivuta mabehewa ya mafuta.

Karaha nazo hazikukosa. Mwaka 1982, majuma machache baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Agosti, askari wa stesheni moja alinikuta nikiandika nambari za dizeli. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anahesabu injini kwa faida ya nani? Nilishindwa kumjibu, na kusema kweli hata leo sina jibu zuri. Niliketi kwenye benchi hadi magharibi, huku daftari langu likipekuliwa ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba mna siri za taifa ndani yake.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mwenye uraibu huu hupenda kitu kisichodumu. Waingereza waliliona hilo mwezi Agosti 1968, shirika lao la reli lilipoacha kutumia mvuke katika njia zake kuu. Kwetu, kufikia mwaka 1980, dizeli zilikuwa zimekwisha kutwaa kazi. Majitu yangu yakageuzwa chuma chakavu. Kati ya yale 34 yamesalia mawili tu, Gelai na Shengena, nayo yamo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Daftari langu lina alama 33. Iliyokosekana ni Kilimanjaro. Mlima wenyewe niliuona asubuhi nyingi, mweupe kileleni, mawingu yalipotawanyika. Lakini injini iliyobeba jina lake sikujaliwa kuiona. Mara mbili niliambiwa ilipita usiku nikiwa nimelala. Mara ya tatu nilikuwa shuleni nikifanya mtihani wa hesabu, ambao pia sikuupita.

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, kwenye makumbusho hayo. Tuliketi kivulini mwa Gelai, akafungua daftari, akaona ule mstari usio na alama.

"Mjomba," akaniambia, akinipa kalamu yake, "si uweke tu? Ni nani atakayejua?"

Nikamrudishia kalamu, nikamwonyesha mahali ambapo maji yalikuwa yakitiwa.