Mluzi wa redio yangu ulivyoniletea ugomvi Manyovu

MEI 2015, vituo kadhaa vya redio binafsi vya Bujumbura viliposhambuliwa na kufungwa, sisi wa Manyovu, mpakani mwa Kigoma na Burundi, tulirudi kwenye masafa mafupi. Kila jioni watu walizunguka redio: waliovuka juzi wakitafuta habari za waliobaki, wafanyabiashara wa mawese na dagaa wakitaka kujua kama kesho waende au wakae.

Nami nilikuwa na redio niliyojiundia. Transista yake moja ilirudisha mawimbi nyuma na kuyakuza tena, na antena ilikuwa waya wa mita 20 hadi kwenye mwembe. Redio ya namna hiyo husikia mbali, ila ukizidisha kidogo hupiga mluzi. Sikujua kwamba mluzi huo ulipanda kwenye waya na kutoka hewani.

Jioni moja mama mmoja muuza mawese alibisha hodi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Fundi, taarifa ikianza na wewe unaanza filimbi yako! Nimesikia wametaja Makamba, kilichotokea sikukisikia. Wanangu wako huko."

Nilizima redio.

Dawa yake ilikuwa kikuzaji kidogo kati ya antena na redio. Wengi hudhani kazi yake ni kuongeza nguvu tu. Kwangu faida kubwa ilikuwa nyingine: transista hupeleka mawimbi mbele na kurudisha nyuma kidogo sana, hivyo mluzi hubaki ndani ya redio.

Nilichomoa transista 9018 kwenye redio mbovu ya Kichina. Emita niliiunga kwenye hasi ya betri, hasi hiyo hiyo ikaungana na ya redio. Kutoka kolekta kwenda chanya niliweka rezista ya kiloomu 1. Kutoka kolekta kwenda besi, ya kiloomu 100. Antena iliingia kwenye besi kupitia kapasita yenye namba 103, na nyingine kama hiyo ikatoka kolekta kwenda kwenye redio. Betri sita za tochi hutoa volti 9, nacho hula kama miliampea 4 tu. Ukipima kolekta ukakuta volti 4 hadi 5, umepatia. Ukikuta 9 kamili, transista imekufa au umekosea miguu.

Usiku wa kwanza mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyaya zangu zilikuwa ndefu kama kiganja, kikuzaji nacho kikaanza mluzi wake! Nilizikata hadi sentimeta moja, nikaweka kapasita 104 kati ya chanya na hasi. Kisha stesheni zikapandana, kwa kuwa kikuzaji hakichagui: hukuza taarifa, hukuza na radi. Antena nikaipunguza hadi mita 5.

Nilimwomba yule mama awashe redio yake nyumbani kwake, mimi nikazungusha yangu makusudi hadi ikapiga mluzi. Alirudi akasema bado anausikia, lakini kwa mbali, na maneno yanaeleweka.

Makamba haikutajwa jioni ile. Kesho yake alikuja kusikilizia kwangu, na lita moja ya mawese mkononi.