Harusi Mbili na Rekodi za Roki

Tarehe 3 Julai 1951, jijini Washington, Sister Rosetta Tharpe alifunga ndoa katikati ya uwanja wa besiboli mbele ya watu waliokata tiketi kuja kumshuhudia. Wanakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 25,000. Kiapo kilipokwisha, bibi harusi alishika gitaa la umeme akiwa bado na gauni lake, akawatumbuiza wageni mwenyewe. Mwanamke huyu mweusi wa Arkansas alikuwa mwimbaji wa injili, na jinsi alivyolicharaza gitaa miaka ya 1940 iliwafundisha kazi vijana waliokuja kuitwa wafalme wa roki, Chuck Berry na Elvis Presley wakiwemo. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki huko Marekani mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa kwake. Kucheleweshwa huko bado kunaniuma.

Onyesho linalohesabiwa kuwa la kwanza la roki ndilo pia lililovunjika upesi kuliko mengi. Mtangazaji Alan Freed wa Cleveland alikuwa akipiga redioni santuri za wanamuziki weusi, na watoto wa Kizungu nao wakawa wanategea sikio. Tarehe 21 Machi 1952 aliwaita wasikilizaji wake kwenye ukumbi wa watu kama 10,000. Walikuja karibu maradufu, wakasukuma milango, na polisi wakazima muziki ukiwa ndio kwanza umeanza.

Halafu wakaja Beatles, na hesabu zikapanda. Usiku wa tarehe 9 Februari 1964 Wamarekani wapatao milioni 73 waliwatazama kwenye televisheni. Mwaka uliofuata mashabiki 55,600 waliujaza uwanja wa Shea, New York, wakapiga mayowe hata wanamuziki wenyewe wasisikie wanachopiga. Lakini siku yao ninayoitukuza mimi ni ya Jacksonville, Florida, Septemba 1964. Walitangaza kwamba hawatapanda jukwaani iwapo weusi watatengwa na weupe. Vijana wakakaa pamoja, na muziki ukapigwa.

Kwa wingi wa watu mahali pamoja, kitabu cha rekodi cha Guinness kinamtaja Rod Stewart: ufuo wa Copacabana, Rio de Janeiro, mkesha wa mwaka mpya wa 1995, watu milioni 3.5. Wengi wao walikuja kuangalia fataki, kwa hiyo rekodi hiyo sitakawia nayo. Wimbo wa roki uliokwenda mbali kuliko yote ni “Johnny B. Goode” wa Chuck Berry, uliomo katika santuri ya dhahabu ya chombo Voyager 1. Kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977, na sasa kimepita kilomita bilioni 24 kutoka duniani.

Siku hiyohiyo mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, alitimiza miaka 31. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Albamu ya bendi yake, Queen, iitwayo Greatest Hits, ya mwaka 1981, ndiyo iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza: imepita nakala milioni 7. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa Ethiopia, dakika kama 20 za Freddie jukwaani zilitosha kuwafanya watu 72,000 wa Wembley wapige makofi kama mtu mmoja.

Taji langu, hata hivyo, ninaliweka kwenye harusi ya pili. Mwezi mmoja baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Prague, Czechoslovakia, mnamo Agosti 1968, vijana wa mji huo waliunda bendi, The Plastic People of the Universe. Mwaka 1970 serikali iliwanyang'anya leseni. Tangu hapo walipiga muziki kwa kujificha, vijijini, kwenye mabanda, na mara nyingine kwa kisingizio cha sherehe. Februari 1976 kiongozi wao wa sanaa, Ivan Jirous, alioa katika kijiji cha Bojanovice, na harusi ikageuka tamasha. Mwezi uliofuata kamatakamata ikaanza. Kosa waliloshtakiwa nalo lilikuwa uhuni, neno ambalo vijana wetu wa Bongo Fleva nao waliwahi kubandikwa. Wanne walifungwa kifungo cha kati ya miezi 8 na 18; Jirous alipata kile kirefu zaidi.

Mwandishi wa tamthilia Václav Havel alihudhuria kesi hiyo. Aliona kwamba wanaohukumiwa ni vijana wasiotaka cheo wala siasa, ila kuishi na kuimba watakavyo, na kwamba wakiachwa peke yao hakuna atakayesalimika. Januari 1977 yeye na wenzake walitoa Mkataba wa 77, waraka wa kudai haki za binadamu uliotiwa saini na watu zaidi ya 200. Wengi wao walifukuzwa kazi, na Havel mwenyewe akafungwa miaka kadhaa. Tarehe 29 Desemba 1989 alichaguliwa kuwa rais wa Czechoslovakia.